Ushuru wa halmashauri: Usipoujua hula faida kabla ya soko

MFANYABIASHARA wa mahindi anayenunua kijijini hupiga hesabu ya mambo matatu: bei ya mkulima, nauli ya lori na bei ya soko. Jambo la nne, ushuru wa halmashauri, wengi hulikumbuka wakishafika getini. Hapo muda wa kupatana bei umekwisha, dereva ana haraka, na mwenye mali hulipa anachoambiwa. Kwa biashara ambayo faida yake ni shilingi elfu chache kwa gunia, safari nzima inaweza kuishia hapo.

Wafanyabiashara wengi wa miji midogo huona ushuru kama bahati mbaya ya njiani. Ukweli ni kwamba kila tozo halali ina sheria yake, kiwango chake na mahali pake pa kulipwa, na hutangazwa kabla ya kuanza kutozwa. Anayeujua mapema huuingiza katika bei ya kununulia. Asiyeujua huulipa kutoka mfukoni, na wakati mwingine huulipa mara mbili.

CHIMBUKO LAKE

Halmashauri za vijijini zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na za mijini zikafuata muda mfupi baadaye. Mfumo wake wa sasa uliwekwa na sheria za mwaka 1982: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji, na Na. 9 kwa fedha za serikali za mitaa. Hii ya tatu ndiyo inayomgusa mfanyabiashara, kwani ndiyo inayotaja vyanzo ambavyo halmashauri inaruhusiwa kukusanya.

Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikitozwa watu wazima, pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo uliolalamikiwa kuwa kero. Halmashauri zikabaki na vyanzo vichache zaidi. Ile isiyo na viwanda wala mahoteli makubwa hutegemea gunia, mnada wa mifugo, soko na stendi. Ndiyo maana msimu wa mavuno unapofika, mageti ya mazao nayo huchangamka.

GUNIA MOJA, HALMASHAURI MBILI

Chukua mfano wa mji mdogo wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Soko lake la nafaka hupokea mahindi kutoka Kongwa kwenyewe na pia kutoka Kiteto, mkoani Manyara. Mahindi ya Kiteto yanapouzwa Kibaigwa na kupakiwa kwenda Dar es Salaam, mzigo mmoja umeshapita katika halmashauri zaidi ya moja.

Ushuru wa mazao ni wa mahali mazao yalikotoka. Humhusu mnunuzi, na hukokotolewa kwa bei ya shambani. Kwa hiyo mahindi ya Kiteto hulipiwa Kiteto, na mwenye stakabadhi ya huko hapaswi kutozwa tena ushuru huo huo Kongwa. Ushuru wa soko ni jambo jingine. Huo ni malipo ya kutumia eneo na huduma za soko, na stakabadhi ya ushuru wa mazao haiufuti. Ugomvi mwingi wa getini hutokana na kuchanganya hivi viwili.

Hadi mwaka 2017 ukomo wa ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5. Marekebisho ya mwaka huo yaliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Yaliondoa pia ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine.

Tofauti hiyo si ndogo. Mfanyabiashara aliyenunua magunia 30 ya kilo 100 kwa shilingi 50,000 kila moja ametumia shilingi 1,500,000. Kwa asilimia 5 angelipa shilingi 75,000, na kwa asilimia 2 hulipa shilingi 30,000, yaani shilingi 1,000 kwa gunia. Iwapo atakokotolewa kwa bei ya sokoni ya shilingi 65,000 badala ya bei ya shambani, atalipa shilingi 39,000. Na iwapo stakabadhi imepotea na akatozwa upya, shilingi 30,000 nyingine zitaondoka. Kama faida aliyotarajia ni shilingi 3,000 kwa gunia, theluthi moja ya faida ya safari nzima imekwenda kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Hapa lumbesa nayo humrudi mwenyewe. Msamaha wa tani moja huhesabiwa kwa kilo. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja kamili, lakini magunia kumi ya lumbesa yenye kilo 120 ni kilo 1,200, na msamaha hapo haupo. Aliyepata kilo za ziada kwa mkulima hukuta mizani inamsubiri njiani.

ANAYEKAA DUKANI

Mwenye duka ana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni leseni ya biashara. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, na za kundi B, ambazo ndizo nyingi katika miji midogo, hutolewa na halmashauri. Ada ya leseni iliwahi kuondolewa kwa biashara ndogo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikarudishwa. Wapo waliozoea kipindi kile cha msamaha na wakaendelea hivyo hivyo hadi walipofungiwa milango.

La pili, ambalo halifahamiki sana, ni ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Neno la kuzingatia hapo ni mauzo. Duka lililouza bidhaa za shilingi milioni 40 kwa mwaka, kwa kiwango hicho, lilidaiwa shilingi 120,000 hata kama mwaka uliisha kwa hasara. Kwa duka la jumla ambalo faida yake ghafi ni asilimia 5, yaani shilingi milioni 2, ushuru huo ulikuwa asilimia 6 ya faida hiyo, kabla ya kodi ya pango na mshahara wa msaidizi.

Asiyetunza daftari la mauzo hukadiriwa, na makadirio mara chache humpendelea mkadiriwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

UBAO WA MATANGAZO

Halmashauri haiwezi kuanzisha ushuru kwa barua ya ofisa. Inatakiwa itunge sheria ndogo. Rasimu hutangazwa kwa wakazi ili wenye pingamizi walete kwa maandishi, hujadiliwa na baraza la madiwani, hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili aidhinishe, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Namba hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha ushuru.

Mahali rasimu hizi hubandikwa ni ubao wa ofisi ya halmashauri, ya kata na ya kijiji au mtaa. Ni karatasi ambazo wengi huzipita wakienda kugonga mhuri. Lakini hicho ndicho kipindi pekee ambacho mfanyabiashara anaweza kusema kiwango ni kikubwa na akasikilizwa bila kugombana na mtu. Pingamizi lililosainiwa na wauzaji ishirini wa soko moja, lenye hesabu za gunia kwa gunia, diwani anaweza kulisimamia barazani. Malalamiko ya getini hayana mahali pa kuandikwa.

Kalenda nayo ina maana. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, wakati ambao mahindi mapya ya kanda ya kati yanaingia sokoni. Kiwango kinaweza kubadilika kati ya siku mzigo uliponunuliwa na siku ulipopakiwa. Mfanyabiashara makini husoma ubao mwezi Mei na Juni, kabla hajatoa fedha kwa mkulima.

NAFASI KWA WENYE MTAJI MDOGO

Ubao huo huo una upande wa neema. Vibanda vya soko, fremu za stendi, vyoo vya kulipia na ukusanyaji wa baadhi ya ushuru vinapokodishwa au kutolewa kwa wakala, hutangazwa kwa zabuni. Asiyesoma hupanga baadaye kwa mtu wa kati, kwa bei ya juu kuliko ile ambayo halmashauri inapokea.

Halmashauri hutakiwa pia kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Sehemu ya fedha hizo ni ule ule ushuru wa gunia na meza ya soko. Kikundi kisichoomba kimechangia mtaji wa wengine.

KABLA YA KULIPA

Maswali ya kumuuliza mkusanyaji ni manne: ushuru huu ni wa sheria ndogo ipi, kiwango kilichoandikwa ni kipi, kinakokotolewa kwa bei au kwa uzito gani, na stakabadhi iko wapi. Stakabadhi inayofaa ni ya mashine ya POS au ya malipo yenye namba ya kumbukumbu ya serikali. Isomwe hapo hapo, kwani stakabadhi ya magunia 20 haitalinda lori lenye magunia 30.

Kisha itunzwe na dereva pamoja na hati za mzigo, na nakala ibaki kwa mwenye mali. Kwenye bei ya gunia la msimu huu, hakuna gharama nyingine ndogo inayolinda faida kiasi hicho.