Motokaa ya Kitajiri Ikizeeka

Ukisikia kwamba huko Marekani motokaa ya Mercedes-Benz CL 500, ile ya milango miwili iliyouzwa mwaka 2000 kwa zaidi ya dola 80,000, leo yapatikana kwa elfu chache tu, usimwonee wivu mnunuzi. Bei ya gari imeshuka, bali vipuri vyake vingali vya kitajiri.

Ugonjwa wake mkubwa u miguuni. Gari hili hubebwa na springi zikisaidiwa na mafuta, ambayo pampu huyasukuma kwa nguvu ipatayo mara 200 ya mkazo wa hewa. Mipira ikichakaa, mafuta huvuja, na asubuhi mwenyewe hulikuta limelala upande. Shokomzoba moja mpya yaweza kupita dola 1,000, nazo ziko nne! Tena mwenye haraka huliendesha vivyo hivyo bila mafuta ya kutosha: pampu hujisaga, na unga wake wa chuma huingia katika vali. Fundi mwenye akili hubadili mafuta na chujio mapema, kazi ya gharama ndogo. Wengine wamechoka, wakaung'oa mtambo wote na kutia springi za kawaida. Sasa gari huyumba kidogo konani, lakini asubuhi hulikuta limesimama.