Ng'ombe wa Kaburini na Kiti cha Omukama

Neno kafara likitajwa leo Kashai, mjini Bukoba, wengi huwaza mganga na siri. Katika tawala za kale za Kagera, kumtolea mhenga sadaka kulikuwa pia shughuli ya utawala.

Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, mojawapo ya tawala hizo, mwishoni mwa 1861. Aliandika kwamba Omukama (mfalme) Rumanyika alichinja ng'ombe kila mwaka kwenye kaburi la baba yake, Ndagara, na kuweka pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa mlimani. Rumanyika hakukipata kiti kwa ulaini: alikigombea na ndugu yake, Rogero. Kwa desturi, anayemtambikia baba aliyefariki ni mrithi wake. Hivyo damu ya ng'ombe yule ilikuwa kama muhuri juu ya hati ya urithi: aliyesimama kaburini kuchinja ndiye mwenye nchi, na nduguze wabaki watazamaji.

Ulaya nako wafalme walijua thamani ya baba aliyekufa. Januari 30, 1649, Bunge la Uingereza lilipokuwa limeshinda vita dhidi yake, Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa hadharani. Wafuasi wake wakamwita shahidi aliyejitoa kwa ajili ya kanisa na watu wake. Mwanawe, Charles wa Pili, aliporudishwa madarakani mwaka 1660, tarehe hiyo ilifanywa siku ya kufunga na kuomba taifa zima. Ibada hiyo ilidumu katika kitabu cha sala hadi 1859. Kwa miaka karibu 200 waumini walifundishwa kwamba kumpinga mfalme ni dhambi.

Tofauti ipo: Karagwe alichinjwa ng'ombe, London alikufa mfalme mwenyewe. Lakini faida ilimwendea mtu yuleyule, yaani mwana anayehitaji kuonekana mrithi halali.

Ibada za kifalme zilikuwa pia na faida ya pili. Speke alielezwa kuwa mkusanyiko wa mwezi mwandamo katika ikulu ya Rumanyika, ngoma zikirindima, ulikuwa na lengo la kupima nani bado mtiifu. Asiyehudhuria alijitangaza mwenyewe kuwa si mtiifu.

Wajerumani walipojenga boma Bukoba mwaka 1890, hawakuhitaji makaburi ya Bakama, yaani wafalme, kuhalalisha amri zao. Walikuwa na bunduki. Hata hivyo haja ya kujua nani mtiifu haikuisha. Baadaye ilihamia kwenye daftari la kodi, na asiyelipa akajulikana kwa jina.