MASHINI YA KUSAGA HAISIMAMI MARA MOJA



Kila siku ya posho wengi kati yetu tunatumwa na mama zetu kwenye mashini ya kusaga, na kitunga cha mahindi ao mihogo juu ya kichwa. Wengine tunafanya kazi pale wakati wa likizo ili tupate pesa ya minervali. Kwa hiyo tumeona vema kueleza namna ya kuitumia bila kuumia.

Mwenzetu mumoja alipoteza vidole viwili vya mukono wa kuume katika likizo kubwa. Mahindi yalikuwa hayajakauka, yakaziba ndani. Alizima motere, akaingiza mukono papo hapo kwa kuyatoa. Watu walishangaa: « Lakini alikuwa amezima! » Ni kweli, alikuwa amezima. Leo anajifunza kuandika kwa mukono wa kushoto.

Ilikuwa namna gani? Ndani ya mashini kuko nyundo ndogo za chuma. Motere inazizungusha kwa njia ya kurua, ni kusema ule mukaba wa mupira. Nyundo zinapiga mahindi, na bunga inapita katika matundu ya chujio. Ukikata mazuti, motere inanyamaza, lakini nyundo zinaendelea kuzunguka, sawa vile kinga inavyoendelea kwenda hata ukiacha kupiga pedale. Na siye hatuzioni, juu zimefunikwa na chuma.

Katika darasa tulipiga hesabu. Motere ikizunguka mara 1 500 kwa dakika, ni mara 25 kwa sekunde moja. Puli yenye upana wa sentimetre 20 inavuta kurua karibu sentimetre 63 kwa kila muzunguko. Basi kurua inakimbia zaidi ya metre 15 kwa sekunde moja! Nani anaweza kurudisha mukono mbiyo vile?

Mashini ikiziba, tufanye hivi:
1. Kukata mazuti.
2. Kungojea mpaka sauti yote imekwisha na kurua imesimama kabisa.
3. Kutoa kurua kwenye puli, ili mutu mwingine akiwasha motere bila kujua, nyundo zisizunguke.
4. Kufungua na kutoa uchafu kwa kijiti, hapana kwa vidole.

Tena ni vizuri kuzuia mashini isizibe. Tuanike mahindi juani mpaka yakauke, na tuchague mawe na misumari. Jiwe moja linaweza kupasua chujio ao kuvunja nyundo.

Kurua iwe na kifuniko chake siku zote. Mama mwenye kikwembe kinachoning'inia, ao mwenye mutoto mugongoni, asipite karibu nayo. Kurua haichagui, inakamata nguo na kuvuta mutu nayo.

Asubuhi, motere ikiwa baridi, tupime mafuta yake. Tuangalie filtre ya hewa, maana vumbi la bunga linaiziba upesi na motere inakosa pumuzi. Tukaze buloni, kwa sababu kutetemeka kunazilegeza. Kurua yenye nyufa ibadilishwe mbele haijakatika. Kutia mazuti ni wakati motere imezimwa na imepoa. Moshi wake utoke inje kwa bomba, maana ndani yake kuko sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua mutu katika nyumba iliyofungwa. Na mutu asilete mushumaa ao sigara mahali vumbi la bunga limejaa hewani, maana vumbi lile linaweza kushika moto kwa rafla moja.

Ndugu, tunajua shida iko wapi. Mama wamepiga mustari, jua linashuka, kila mutu anasema: « Fanya mbiyo, watoto wana njaa! » Hapo ndipo mukono unaingia mbele ya wakati wake. Tusione haya kuwajibu kwa heshima: « Mama, mutungojee kidogo, ingali inazunguka. » Bunga itapatikana hata kisha dakika kumi. Lakini kidole kikikatika hakioti tena.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa ine.