Ukiambiwa "Walk me through", usisimame

Uko Awendo mjini, bando imeingia, intavyuu ya kazi ya mtandaoni imeanza. Jamaa wa upande ule anasema, "Walk me through your experience." Kila neno unalijua tangu shule ya msingi. Sentensi nzima sasa, wapi! Anataka tu umweleze kazi ulizofanya, hatua kwa hatua.

Shuleni tulimeza neno moja moja, na misemo haieleweki hivyo. "Keep me posted" haina posta ndani. Ni umjulishe kinachoendelea. Ishike nzima, na pahali inapotumika.

Halafu cheki zile zetu. Hapa steji ya matatu za Migori ukimwambia mtu "You are lost!" anacheka, anajua hamjaonana siku mingi. Mwambie Mwingereza, ataanza kutafuta ramani. Na "I'm coming" huku unaondoka? Yeye mwambie "I'll be right back." Si ati Kiingereza chetu ni kibovu. Kina wenyewe, na huyo wa intavyuu si mmoja wao.

Leo jioni chukua video fupi, toa misemo miwili tu, kisha mrekodie beshte yako sauti ukiitumia. Akikucheka, mwambie naye ajaribu.