Majumba ya giza: ukarabati wa nani, faida ya nani?

Wenye viwanja vya burudani vya Marekani na Ulaya wanalo tena mezani swali ambalo baba zao waliliacha bila jibu. Yale majumba ya giza ya zamani, yenye vigari vinavyozunguka kwenye reli katikati ya mizimu, maharamia na malkia wachawi, yafanywe ya kisasa au yaachwe kama yalivyo? Skrini na projekta zimeshuka bei, na watoto wamezoea simu. Kwa hesabu za ofisini jibu ni rahisi, na maofisa wengi wameshalitoa. Waliomo ndani ya biashara hawana uhakika huo.

Tuanze na takwimu inayopendwa. Kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii ilisema mwaka 2023 kwamba ingetia dola bilioni 60 katika viwanja na meli zake kwa muda wa miaka 10, karibu mara mbili ya ilizotumia miaka 10 iliyotangulia. Tangu hapo, kila ofisa anayeulizwa kuhusu vivutio vilivyochakaa hurejea kwenye bilioni hizo. Lakini ndani yake mna meli za utalii, mna maeneo mapya kabisa, na hakuna mstari unaoonyesha ni kiasi gani kitafika kwenye vigari vyake vya mwaka 1955. Takwimu kubwa isiyogawanywa huwatuliza wenye hisa. Fundi anayesubiri breki mpya haimsaidii kitu.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri, mzaliwa wa Mombasa ambaye kwa miaka mingi amewauzia wenye viwanja vya pwani ya Uingereza mota, magurudumu na breki, ana malalamiko ambayo ukiyapa sikio hayaishi. Anasema jumba la zamani likiharibika asubuhi, mtu anayejua kuchomelea na kusuka mota atalifungua kabla ya adhuhuri. Mzimu unaochomoza kwa waya na springi hauhitaji ruhusa ya mtu. Jumba lililofanywa la kisasa huja na programu, na programu huja na mkataba. Fundi wa kiwanja haruhusiwi kugusa kabati la kompyuta, aliyeufunga mfumo yuko nchi nyingine, na bili yake huanza kuhesabiwa kabla hajapanda ndege. Baya zaidi, anasema, ni projekta kufa wakati kiwanda kimeshaacha kuitengeneza. Hapo mteja huambiwa abadilishe mfumo mzima. Wateja wake waliokuwa wakimiliki mashine, kwa maelezo yake, wamegeuka wapangaji ndani ya majumba yao wenyewe. Na msimu wa pwani ni mfupi: jumba likifungwa wiki mbili za Agosti kusubiri kadi ya kompyuta, pato lake la mwaka limekwenda.

Tusimeze kila kitu. Mzee huyu ana maslahi yake, maana skrini hazinunui magurudumu. Wala hasemi kwamba vigari vya kale vinatoa cheche, vinakula grisi na vinategemea mafundi wazee ambao vijana hawajawarithi. Hata hivyo, rekodi iliyo wazi kwa wote inamwelekea yeye zaidi kuliko maofisa.

Chukua jumba moja la Staffordshire. Lilifunguliwa mwaka 1992 kama nyumba ya mizimu. Mwaka 2003 wenye nalo, wakiona watoto wamezama kwenye michezo ya video, waliwafungia abiria bunduki za leza wawapige zombi shabaha. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya kisasa wakati huo. Mwaka 2023 jumba lilifunguliwa upya, bunduki zimeondolewa, hadithi ya mizimu imerudi. Karibu na Pittsburgh mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mfereji wa mashua wa mwaka 1901 ulipewa mwaka 2004 sura ya paka wa katuni za magazetini, pamoja na miwani ya kuzifanya picha zichomoze. Mwaka 2020 paka alitolewa, na jina la Old Mill likarudi mlangoni. Katika majumba yote mawili, kilichozeeka kwanza ni kile kilicholetwa kuondoa uzee.

Wapenzi wa mambo ya kale nao wasijisifu haraka. Majumba ya kampuni ile ya dola bilioni 60 kule Anaheim, wanayoyatetea kama urithi wa mwaka 1955, ni kwa sehemu kubwa kazi ya mwaka 1983, pale eneo lote lilipofanyiwa matengenezo makubwa. Lile la Snow White limebadilishwa tena mwaka 2021, likapunguziwa vitisho. Peter Pan's Flight iliongezewa picha za projekta mwaka 2015 na foleni yake ipo pale pale, kwa sababu abiria bado wanaruka kwa meli juu ya London usiku, na hicho ndicho walichokifuata. Ukarabati uliofanikiwa ni ule ambao mgeni wa kawaida hakuutambua. Kwa bahati mbaya, ukarabati wa namna hiyo hautangaziki.

Na hapo ndipo biashara yenyewe inapojitokeza. Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ilifunga kule Orlando jumba la chura Mr. Toad, ingawa wapenzi wake walikwenda kupinga wakiwa wamevaa fulana za kijani. Mwaka uliofuata nafasi yake ilichukuliwa na dubu Winnie the Pooh, na mlango wa kutokea ukaishia dukani. Wanasesere wa dubu huyo wananunulika. Chura mwenye gari ni mgumu kuuzika. Maofisa walizungumzia ladha ya watoto wa leo, nasi hatuna sababu ya kukataa kabisa, ila duka lililo mlangoni nalo linazungumza.

Foleni nayo isomwe kwa tahadhari. Jumba la mizimu la mwaka 1969 kule Anaheim, lenye vigari vilivyofungwa kwenye mnyororo usiosimama, limeundwa kubeba zaidi ya watu 2,000 kwa saa. Meli ndogo za Peter Pan hazifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo foleni ndefu haithibitishi kwamba watu wanakipenda kivutio kimoja kuliko kingine. Pengine ni kwamba viti vyake ni vichache. Tangu mwaka 2021, katika viwanja vya kampuni hiyo, nafasi ya kuruka foleni inauzwa kwa vivutio vingi, na penye foleni ndefu ndipo tiketi hiyo inaponunuliwa. Inapouzwa tiketi hiyo, kivutio cha kale chenye viti vichache hugeuka chanzo cha mapato bila kuguswa. Ajabu ni kwamba hoja hii haisikiki kwa wale wanaosema vitu vya zamani havilipi.

Yapo mambo ambayo hayana mjadala. Mnada wa kuuza wanawake, uliokuwa ukichezwa kama kichekesho ndani ya safari ya maharamia ya Anaheim ya mwaka 1967, uliondolewa mwaka 2018, na ulichelewa. La pili ni moto. Majumba haya ni mbao kavu, vitambaa, rangi na nyaya kuukuu, na abiria haoni mlango uko wapi. Sydney, mwaka 1979, treni ya mizimu iliungua na kuua watu 7, sita kati yao watoto. New Jersey, mwaka 1984, vijana 8 walikufa katika ngome ya vitisho ya kutembea kwa miguu. Mji wa Rust, Ujerumani, uliponea mwaka 2018: safari ya mashua ya maharamia iliteketea bila mgeni kufa, ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2020. Mfanyabiashara wetu wa vipuri, kwa maneno yake mengi yote, hakugusia moto mpaka alipoulizwa.

Kwa wasomaji walioko Dubai, Abu Dhabi na Muscat, suala hili litawafikia kwa njia nyingine. Ghuba haina majumba ya kale ya kulinda. Mwaka 2025 ile kampuni ya dola bilioni 60 ilitangaza kwamba kiwanja chenye jina lake kitajengwa katika kisiwa cha Yas, lakini mjenzi na mgharamiaji ni mwenyeji. Yenyewe italipwa mrabaha. Tangazo halikusema kama maharamia wa 1967 watahamia huko au kama kila kitu kitakuwa skrini. Atakayechagua teknolojia na atakayelipia matengenezo yake huenda wasiwe mtu mmoja, na kwa mpangilio huo ni vigumu kutarajia vitu rahisi. Inawezekana bei za vifaa zikaendelea kushuka na hofu hii ikapitwa na wakati. Kwa sasa dalili za hofu hiyo kupitwa ni chache.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, nyaya, breki na vinyunyizio vya kuzimia moto vibadilishwe bila kusubiri. Anayeletewa bunduki za leza na miwani aombe kwanza, kwa maandishi, bei ya matengenezo ya mwaka wa kumi.