Rumonge: Karatasi si Karatasi Tu Ikifika Forodhani

Anayeshusha daftari, mifuko ya kaki na karatasi za chooni bandarini Rumonge huuita mzigo wote kwa jina moja: karatasi. Afisa wa forodha haoni hivyo, na tofauti hiyo hugusa mfuko wa mfanyabiashara.

Katika mpangilio wa viwanda wa Umoja wa Mataifa, uitwao ISIC, karatasi ina fungu lake, la 17. Namba 1701 ni ya viwanda vizito vinavyogeuza magogo kuwa rojo na rojo kuwa karatasi, kama kile cha Mufindi, Tanzania, au cha Webuye, Kenya, kilichofungwa mwaka 2009 kabla ya kupata mwenye mali mpya. Namba 1702 ni ya maboksi na mifuko. Bahasha, daftari na karatasi za chooni ziko 1709. Mchapaji vitabu hayumo kabisa. Yeye ni fungu la 18.

Kwa Rumonge, mji wa mawese na sabuni, 1702 ndiyo yenye riziki ya karibu. Sabuni inahitaji katoni, na tangu amri ya mwaka 2018 ya kuzuia mifuko ya plastiki Burundi, wauza duka wanahitaji mifuko ya karatasi. Kukunja mifuko hakuhitaji msitu.

Forodha nayo ina namba zake: rojo sura ya 47, karatasi 48, vitabu 49. Daftari tupu ni 4820, kitabu cha shule ni 4901. Kuandika "vitabu" kwenye ankara ya daftari ni kujitafutia kesi.

Kuna mtego mwingine. Bidhaa yenye uasili wa Tanzania kwa kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikiingia Burundi. Lakini karatasi iliyotoka Asia na kufungwa tu katika pakiti mpya Kigoma haiwi ya Tanzania. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, cheti rahisi cha uasili hutolewa mpakani. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani.

Kwa hiyo, kabla mashua haijaondoka Kigoma, muuzaji aombwe ankara inayotenganisha kila bidhaa, na aseme karatasi yenyewe ilitengenezwa wapi.