Je, Wajua? Kwa Nini Mtoto wa Mbwa Hulia Usiku

Mtoto wa mbwa akihamia nyumbani kwako, usiku wa kwanza huwa hakuna anayelala. Kilio kile si ukaidi. Kina sababu, na anayezijua anaweza kumzoesha kizimba bila kumtesa.

Je, wajua kwamba hulia kabla hajaona wala kusikia? Macho yake hufumbuka akikaribia wiki mbili, na masikio huzibuka katika wiki ya tatu. Sauti anazaliwa nayo. Akibiringika mbali na mama, baridi humwingia upesi, kwa kuwa mwili wake bado hauwezi kujipasha joto, naye hulia mpaka arudi kwenye rundo la ndugu zake. Akichukuliwa akiwa na wiki nane, baridi haimtishi tena, ila hajawahi kulala bila mwenziwe ubavuni.

Je, wajua kwamba mama ndiye mwalimu wake wa kwanza wa usafi? Mtoto mchanga hawezi kukojoa mwenyewe: mama humlamba ndipo mkojo utoke. Kufikia wiki ya tatu hivi, huanza kujikokota nje ya malazi ili akajisaidie pembeni. Kizimba hutegemea tabia hiyohiyo ya kutopenda kulala penye uchafu. Basi kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikizidi hapo, atalala kona moja na kuchafua nyingine.

Je, wajua kwamba kibofu chake kina hesabu? Wafugaji huchukua umri wake kwa miezi, wakaongeza moja. Jibu ndilo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ana saa tatu. Ukimlaza saa nne usiku, akaamka saa saba anazunguka, ananusanusa sakafu na kulia, amebanwa. Mtoe nje kimyakimya, bila mchezo, na akimaliza mrudishe alale.

Je, wajua kwamba hata mbwa asiyebweka hulia? Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine, alikuwa mmoja wa jamii tano za mbwa zilizochunguzwa na John Paul Scott na John Fuller huko Bar Harbor, Marekani. Kitabu chao cha 1965 kilionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mtoto wa mbwa hufungamana na mbwa wenzake na watu. Wengi huhamishwa katikati ya kipindi hicho, wakapoteza mama, ndugu na mahali walipopazoea kwa siku moja; ndipo hata Basenji hulia.

Je, wajua kwamba upweke humuuma kweli? Mwaka 1978, mtafiti Jaak Panksepp na wenzake walieleza kwamba kiasi kidogo cha mofini kilipunguza kilio cha watoto wa mbwa waliotengwa. Hiyo ni dalili kwamba ubongo huhisi upweke kwa njia zinazokaribiana na zile za maumivu. Lakini usijaribu dawa nyumbani: hata parasetamoli inaweza kumdhuru mbwa vibaya. Dawa yake ni kuwa na mtu karibu.

Je, wajua kwamba kuna nchi zinazokataza kumfungia? Uswidi na Ufini haziruhusu kizimba kilichofungwa kuwa makazi ya kawaida ya mbwa nyumbani. Huruhusu kwa mambo kama safari. Madhara ya kubana mno yanajulikana. Kabla mbwa Laika hajarushwa angani tarehe 3 Novemba 1957, mbwa wa mpango wa Kisovieti wa safari za anga waliwekwa katika vizimba vilivyozidi kupunguzwa, kwa muda uliofika siku 20. Wakaacha kwenda haja, na afya ikazorota.

Je, wajua kwamba somo la usiku huanza mchana? Mlishe ndani ya kizimba mlango ukiwa wazi. Akishaingia mwenyewe bila kusitasita, funga kwa dakika chache ukiwa umeketi hapo, kisha ongeza muda polepole. Usiku, tandika kitambaa chenye harufu ya mama yake na uweke kizimba kando ya kitanda. Nyumba nyingi za kwetu mbwa haingii chumbani. Basi kiwe barazani au jikoni, na katika siku za mwanzo mtu mmoja alale karibu, pale sauti yake inapofika. Akishatulia, kisogeze kidogokidogo hadi mahali pake pa kudumu.

Akilia huku anaharisha, anatapika au anakataa chakula, mwite daktari wa mifugo. Akiwa mzima, ameshiba na ametoka kukojoa, mwongeleshe kwa sauti ya chini mpaka atulie. Kumpigia kelele au kugonga kizimba humfundisha kuogopa mahali unapotaka apapende. Mtoto wa mbwa hulala kwa amani akishajua kwamba akiita, kuna atakayemjibu.